Farao mwenye kope nzito wala hakuchoka, acheni kudanganyana

Kila picha za sanamu za Senusret III, farao wa Misri ya kale, zikianza kuzunguka mtandaoni maelezo ni yale yale, ooh huyu ndo farao wa kwanza aliyekubali kuonyesha uchovu wake, mkweli, mnyenyekevu. Mi sikubaliani hata kidogo.

Zile maarufu zilichimbuliwa Deir el-Bahari, karibu na Luxor kule Misri, kwenye hekalu la Mentuhotep II, mfalme aliyekuwa ameshakufa zaidi ya miaka 100 kabla yake. Ni za graniti, tatu ziko British Museum London na moja Cairo. Ukiangalia uso peke yake utaingia mkenge kweli: kope zimeshuka, mifuko chini ya macho, mikunjo toka puani mpaka pembeni ya mdomo, na mdomo wenyewe umenuna kama wa mtu aliyekesha msibani. Haya, shusha macho sasa. Kifua kipana, tumbo flati, mikono ya kijana wa miaka ishirini imelala juu ya kile kivazi cha kiunoni. Yani kichwa cha mzee kimebandikwa kwenye mwili wa kijana! Fundi aliyeweza kuchonga kope vile kwenye jiwe gumu namna hiyo angeshindwa nini kuchonga kitambi, ni kwamba hakutumwa kitambi.

Halafu masikio, makubwa, yamechomoza kama vishikio vya sufuria. Wataalamu wengi wanasema maana yake mfalme anasikia watu wake. Sawa, ila mi sioni kama mfalme anayesikia kila kitu ni habari njema kwa raia.

Na tusisahau kwamba enzi hizo sanamu ilitambulika kwa jina zaidi kuliko sura, yani uso haukuwa lazima ufanane na mwenyewe, ndo maana farao Ramses II baadaye alibeba sanamu za wafalme wa zamani akachonga jina lake juu yake, zikawa zake, biashara imeisha.

Senusret mwenyewe alijua sanamu inafanya kazi gani. Kwenye jiwe la mpakani Semna, kule Nubia, kusini mwa Misri, aliandika kabisa kwamba ameweka sanamu yake pale ili watu wake waupiganie mpaka. Sasa fikiria we ni askari umepangiwa lindo huko, usiku, unageuka unakutana na uso wa aina ile, kope nzito, masikio yale. Utasema masikini mfalme kachoka? Mi ningesimama wima mpaka asubuhi.