Jills wa Buffalo: nani hasa alivunja kikosi?

Stori ya Buffalo Jills ikiibuka tu, hakosi mtu wa kusema walijimaliza wenyewe, wangenyamaza wangekuwa wanacheza mpaka leo. Jills walikuwa machialida, yaani mabinti wa kucheza na kushangilia uwanjani, wa Buffalo Bills, timu ya futiboli ya Kimarekani kule jimbo la New York, toka 1967. Aprili 2014 watano waliowahi kuwemo wakaenda mahakamani kudai malipo, siku chache baadaye kikosi kikasimamishwa na hakijarudi.

Wanaolaumu wana hoja. Kuna Jills wenzao walioipinga ile kesi hadharani, maana kwao kuwa Jill ilikuwa heshima na udada, wakaamka siku moja hawana timu na hakuna aliyewauliza. Na ni kweli mabinti walisaini mkataba wenyewe. Inauma, naelewa.

Ila tuuangalie huo mkataba. Kwenye karatasi wao ni watu wa kujitegemea, sio waajiriwa, halafu hapohapo wanapewa kitabu cha masharti kinachowapangia mpaka usafi wa mwili wakiwa kwenye siku zao, na kuna kipimo, unaambiwa urukeruke huku mtu anakuangalia nyama za tumbo na mapaja zinatikisika kiasi gani. Jamani, fundi rangi unayempa tenda nyumbani kwako unamwambia aoge vipi? Huyo ni mfanyakazi, tena anayebanwa kuliko wengi wenye mshahara.

Namba inayoninyima raha ni 840. Ndo masaa waliyodai kila Jill alikuwa anafanya bure kwa mwaka, mazoezi, mechi na hafla, na siku ya mechi hakuna hata senti. Zidisha kwa dola 8, kima cha chini cha New York 2014, unapata dola 6,720 kwa mtu. Tuseme wako 35, jumla dola 235,200. Mwaka huohuo timu iliuzwa kwa Terry na Kim Pegula kwa dola bilioni 1.4. Nimepiga hesabu mara mbili nikidhani nimekosea sifuri, lakini wapi, kuwalipa wote msimu mzima haifiki dola 2 katika kila dola 10,000 za bei ya timu. Hicho ndo kingefilisi timu?

Na wala hawakukurupuka, Jills walishaunda chama cha wafanyakazi 1995, wa kwanza kwenye NFL nzima, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ila hakikudumu.

Halafu aliyesimamisha kikosi ni kampuni iliyokuwa inawasimamia, jaji hata hajasema neno. Kesi yenyewe imekuja kuisha kwa maelewano 2022. Wakati Raiderettes, machialida wa timu ya Raiders, enzi hizo ya Oakland, nao waliishtaki timu yao Januari 2014, mwaka uleule, Raiders wakakubali kulipa dola milioni 1.25 na kuanza kuwalipa kwa saa. Raiderettes wapo uwanjani mpaka leo.