Dar inazipima nyumba zake kwa mawe

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu kuwa la kale jengo lolote lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa Kilwa Kisiwani, penye magofu ya karne nyingi, mstari huo una maana. Kwa Dar es Salaam ni kichekesho, maana Sultani Majid wa Zanzibar aliuanza mji huu katika miaka hiyohiyo ya 1860, na Boma la Kale lenyewe, pale Sokoine Drive, ni la 1866 na 1867. Limekosa kwa miaka mitatu. Mlango wa kuchonga una bahati zaidi: sheria hiyohiyo inaulinda hata kama ulichongwa 1939. Nyumba iliyoubeba mlango huo inabaki kumsubiri Waziri aitangaze kuwa urithi wa kulindwa, na ili itangazwe lazima kwanza mtu aseme ina thamani.

Thamani gani, basi? Wasanifu huangalia ujenzi, wanahistoria huangalia yaliyotokea ndani. Boma linashinda kwa vipimo vyote viwili, halina mjadala. Kuta za matumbawe na chokaa zinaeleza jinsi pwani ilivyojenga kwa kilichopo: kwa kawaida vyumba vya nyumba za aina hiyo ni vyembamba, kwa sababu fundi hakuweza kuvuka pale boriti ya mkoko ilipoishia. Ndizo pia nyumba zinazoharibiwa kwa nia njema. Zikipigwa lipu ya saruji, baada ya masika chache rangi huvimba na kupukutika, kwa kuwa chokaa huuacha ukuta upumue, na saruji huufungia unyevu na chumvi ndani.

Sasa nenda Magomeni, Mtaa wa Ifunda, kwenye nyumba ya Mwalimu Nyerere ambayo leo ni makumbusho. Kwa jicho la msanifu hakuna cha kupigia picha. Ni nyumba ya kawaida ya mtu wa kawaida wa miaka ya 1950. Imebaki kwa sababu ya aliyekaa ndani, na ni sawa kabisa. Lakini Mwalimu alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955 alikaa kwanza kwa Abdulwahid Sykes, Kariakoo, na mazungumzo ya siasa za miaka ile yalifanyika kwenye mabaraza na sebule za watu ambao majina yao hayasomwi popote. Tukisubiri kila nyumba imtoe rais ndipo tuiheshimu, Kariakoo yote itakwenda.

Na inakwenda. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita kila mtu anaijua: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, milango mitatu kulia na mitatu kushoto, kisha uani kwenye jiko, choo na kisima cha umbea. Wajerumani waliugawa mji kwa kanda na Waingereza wakaendeleza: ufukweni Wazungu, katikati Wahindi, na ng'ambo ya Mnazi Mmoja Waafrika, ambako iliruhusiwa kujenga kwa miti na udongo. Kwa hiyo tunapoipa alama nyumba iliyodumu kwa jiwe, tunarudia kanda zilezile bila kujua. Mwafrika alijengewa mipaka, halafu anaambiwa nyumba yake haikudumu.

Hapa upande wa pili, wa wanaotaka kubomoa na kujenga upya, una hoja nzito, na watu wa urithi huwa wanaipita haraka. Mwenye nyumba Kariakoo mara nyingi ni ukoo: warithi kadhaa, hati moja, na kiwanja ambacho dalali anakitaka leo. Mbia, yaani mwenye mtaji anayejenga kwa ubia na ukoo, akiweka ghorofa yenye fremu za maduka chini, kila mrithi anaweza kupata chake. Ukiitangaza nyumba ile kuwa urithi, umemkataza kuigusa bila kibali, na paa bado linavuja juu yake yeye. Kuisifu baraza kutoka kwenye fleti ya Mikocheni ni rahisi. Kupanga foleni ya choo cha shimo na wapangaji wa vyumba vingine vitano ni jambo lingine. (Hoja kwamba ghorofa ni salama zaidi siipokei kirahisi. Lililoanguka katikati ya jiji Machi 2013 na kuua zaidi ya watu 30 lilikuwa bado linajengwa.)

Wapinzani wana swali jingine, gumu zaidi: ni nyumba ipi hiyo ya kulinda? Makuti yaliondoka, likaja bati. Ukuta wa kukandika ulivunjwa upande mmoja, yakaja matofali ya saruji, halafu chumba cha mbele kikageuzwa duka. Kwa kipimo cha Boma, hapo hakuna kilichobaki cha asili. Mimi naona kipimo ndicho kibaya. Katika nyumba ya Kiswahili vifaa havikukusudiwa kudumu. Kilichodumu ni ramani, yaani jinsi ukumbi unavyotenganisha baraza ya wageni na uani, na jinsi familia isiyo na undugu na jirani yake wa chumba inavyoweza kuishi naye chini ya paa moja. Ramani hiyo ikiwepo, nyumba ipo, hata kama kuta ni za juzi.

Msimamo huo una faida kwa mwenye nyumba pia, kwa sababu haulazimishi kuhifadhi kila kitu. Nyumba za vyumba sita bado zipo Kariakoo, Ilala na Magomeni, na sitetei zote. Ningepigania mitaa michache iliyobaki na nyumba zinazofuatana, na huko mwenyewe alipwe au apunguziwe kodi. Bila hivyo ni dhuluma. Kwingine kote, kabla halmashauri haijatoa kibali cha kubomoa, idai vitu vitatu: mchoro wa ramani wenye vipimo, picha za kila chumba, na maelezo ya waliokaa humo kutoka kwa mzee mmoja wa nyumba. Kwa fundi mwenye futi na daftari hiyo si kazi kubwa, na gharama yake iwekwe kwa mbia, si kwa ukoo.