Mshenga ni mwongo, hakukuwa na bafu

Kabla ya yote: hakukuwa na bafu. Ile sauti ya dakika saba ambayo mshenga wangu kaitupia grupu la kamati ya harusi, na ambayo hadi jana usiku ilishafika kwa shangazi yangu Oman, inasema nilimpiga bibi yake mchumba wangu picha bafuni. Si kweli. Palikuwa pa kutawadhia. Wigo wa makuti, ndoo, kopo, jiwe la kusimamia, basi. Na bibi alikuwa amevaa: gauni, khanga mbili, mtandio juu. Hilo mlishike vizuri, maana mengine yote aliyosema mshenga, kwa masikitiko makubwa, ni kweli.

Jumamosi tulipeleka mahari Muheza, Tanga. Mliooa kwa taratibu za pwani mnajua muoaji hakai kikao cha mahari yake. Wanakwenda wazee, yeye anabaki nyumbani anatokwa jasho. Lakini dereva tuliyemkodi aliamka na homa, na mwenye leseni pekee aliyekuwa macho saa kumi alfajiri ni mimi. Mjomba akakubali shingo upande. Kuanzia Chalinze mpaka Segera alikuwa ananikaririsha masharti. "Leo wewe ni dereva. Dereva hana jina. Utakaa garini. Ukiletewa chai utainywa humohumo garini. Wakikusalimia itikia, usiongeze neno."

Nikasema sawa mjomba. Nilisema sawa begi la kamera likiwa chini ya kiti.

Wanaonifuata kwa ajili ya picha za wadudu wanivumilie kidogo, hapa nawaeleza wenzetu. Kamera yangu ni Sony a6000, ya mwaka 2014, mtumba, zile zisizo na kioo ndani, mirolesi kama tunavyoziita. Lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya kampuni hiyohiyo, ile ya milimita 90 inayojifokasi (kujitafutia ukali wa picha) yenyewe, inapita dola 1,000, na mtu anayekusanya mahari hana dola 1,000. Nikaagiza ya Kichina, milimita 40, chuma kitupu, bei haikufika laki tatu. Ndani haina umeme wa aina yoyote. Hakuna mota, hakuna vile vidoti vya shaba vya kuongea na kamera. Ukiifunga, kamera inaamini haina lenzi kabisa na inagoma kupiga, mpaka uingie kwenye menyu uiambie piga hivyohivyo. Fokasi unazungusha kwa mkono, tundu la mwanga unalifunga kwa mkono, dua unasoma mwenyewe.

Ina tabia mbili, na zote mbili ndizo zilizoniponza. Ya kwanza: ili kitu cha milimita 23 kijaze picha nzima, inabidi umsogelee mdudu mpaka kati yake na mdomo wa lenzi pabaki vidole vichache tu. Ya pili: ukishafika hapo, sehemu inayotoka kali ni kijipande chembamba mno. Hata ukilibana lile tundu la mwanga mpaka kipimo cha f/8 hupati milimita nzima. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu. Kuzungusha pete ya fokasi hakusaidii tena, ukiigusa tu kila kitu kinahama. Unaiacha ilivyo, halafu mwili wako wewe ndio unakuwa fokasi. Unasogea mbele, unarudi nyuma, mbele, nyuma, pumzi umezibana, jicho moja umelifumba, unasubiri vile vistari vyekundu ambavyo kamera inachora kwenye kila ukingo uliokaa sawa vipite kwenye jicho la mdudu. Vikipita, unabonyeza.

Kwa anayekuona kwa nyuma, huyo ni mtu mzima amepiga magoti anakata kiuno mbele ya wigo.

Ongezea taa. Ukilibana tundu hivyo giza linaingia, kwa hiyo lazima flashi, na flashi tupu inamfanya mdudu aonekane amekamatwa na polisi. Ndiyo maana nina kitu nimekitengeneza mwenyewe: mfuniko mweupe wa ndoo ya rangi, nimeutoboa katikati lenzi ipite, nikaubandika karatasi ya kuokea keki. Unaulainisha mwanga vizuri sana. Watoto wa pale walipouona waliniuliza kwa heshima zote, "Anko, hilo dishi linashika chaneli ngapi?"

Basi. Saa sita na nusu. Wazee wako ndani, nasikia mshenga anapanga vifungu, kilemba cha baba, mkaja wa mama. Garini joto la kuoka mkate. Machungwa nimeshakula manne (ni Muheza, usiponunua machungwa njiani gari inakususia). Nikashusha kioo nipate hewa, nikamwona.

Vunjajungu. Kijani kibichi, urefu wa kidole cha kati, kakaa kwenye ncha ya kuti la wigo, mikono ameikunja kama anaomba radhi kwa jambo ambalo bado halijatokea.

Najua. Najua mlivyoambiwa utotoni, ukimshika vunjajungu utavunja vyombo. Mimi sikumshika. Naomba iandikwe mahali kwamba sikumshika.

Tatizo ni kwamba vunjajungu ana macho matano. Mawili ni yale makubwa ya pembeni, halafu kuna mengine matatu madogo kama punje za haradali, yamepangwa katikati ya paji la uso. Sijawahi kuyapata yote matano kwenye picha moja yakiwa makali. Dakika mbili tu, nikajiambia. Nikatoka.

Nikapiga magoti. Kulia kwangu palikuwa na mtungi wa maji juu ya mafiga, na kata ya kifuu juu yake. Niliuona. Nilijisemea kabisa, "angalia huo mtungi."

Sasa vunjajungu naye ana mchezo wake. Akishtuka hakimbii, anayumba kushoto kulia ajifanye jani kwenye upepo. Upepo haukuwepo. Mimi nakwenda mbele nyuma, yeye kushoto kulia, ngoma ya watu wawili isiyo na mpigaji. Na kile kidoa cheusi ndani ya jicho lake kinanifuata popote niendapo. Si mboni ile, ni upande wa jicho unaotazamana na wewe ndio unaomeza mwanga, lakini jaribu kuueleza moyo wako hivyo saa sita mchana nje ya nyumba ya watu. Nikabana pumzi. Ikaisha. Nikahema. Nikabana tena.

Upande wa pili wa makuti, bibi yake mchumba wangu alikuwa ameingia kutawadha. Haya nimeyajua baadaye, kasimulia mwenyewe. Alianza kunawa mikono, akasikia mtu anahema. Akaacha. Kuhema kukaacha. Akaendelea, kukaendelea. Bibi wa watu hakukimbia. Aliinama, akatafuta upenyo kwenye makuti, akaweka jicho.

Wewe uliyeanza kucheka hapo, subiri kwanza.

Mimi uso umenasa kwenye kitundu cha kuchungulia cha kamera. Tundu la mwanga nimelibana zaidi, f/11, kwa hiyo kamera inahangaika kunipandishia mwanga, picha imejaa chengachenga kama televisheni ya zamani. Vunjajungu akanitazama. Akageuza shingo, akatazama nyuma yake. Pale ndipo mtu mwenye akili angejiuliza anatazama nini. Akaruka.

Nyuma yake pakabaki kitu. Bonge la ukungu wa kahawia, laini, limejaa kwenye upenyo wa makuti. Sasa mtu wa makro haulizi hiki ni nini, anauliza fokasi iko wapi. Nikasogea milimita moja. Ukungu ukaota mistari. Nikasogea nyingine. Mistari ikawa nywele, nyingine nyeusi, nyingine nyeupe, zimepinda kwenda juu, zinahesabika. Moyo ukanienda mbio: kiwavi! Tena kiwavi ambaye sijawahi kumwona popote! Vistari vyekundu vikazipanda zile nywele, vikateleza, vikapotea. Nusu milimita tena. Pakatokea unyevu. Kitu kinang'aa, cha kahawia iliyokolea, kimezungukwa na duara la buluu hafifu kama ukingo wa kikombe cha kauri. Jamani kilikuwa kizuri. Nikasogea unene wa karatasi. Na vistari vyekundu vikalizunguka lile duara lote kwa mara moja, duara zima, jambo ambalo tangu nimenunua hiyo lenzi halijawahi kunitokea.

Nikabonyeza. Flashi ikawaka.

Kiwavi akapepesa.

Pakapita kimya. Kamera ikanionyesha picha yenyewe, kama inavyofanya kila mara, nikaiangalia, na ndipo akili ikarudi kutoka ilikokwenda. Niko magotini. Dishi liko usoni. Mbele yangu, vidole vichache, kuna jicho la mzee wa watu. Na mimi, mtoto niliyelelewa nikaleleka, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Shikamoo."

Na upande wa pili, kwa mazoea ya maisha mazima, sauti ikaitikia:

"Marahaba."

Halafu: "MWIZIII!"

Kopo la maji likaruka juu ya wigo likaniangukia na maji yake. Nikainuka kwa kurudi nyuma, huku nimeinua kamera juu kwa mikono miwili (lenzi kwanza, mwili baadaye), mguu ukakanyaga kopo lilelile, nikakaa. Nilikaa juu ya mtungi.

Mtungi ukivunjika haulii kama kikombe. Unasema "gubu", maji yanakuja yote kwa pamoja, halafu vigae vinajilaza kimoja kimoja bila haraka, kama vina siku nzima. Nikabaki nimekaa katikati ya vigae, naangalia wigo. Kwenye ncha ya kuti vunjajungu alikuwa amesharudi. Mikono kaikunja vilevile.

Mjomba ananiambia kwamba kelele ziliingia ndani akiwa katikati ya sentensi, na sentensi yenyewe ilikuwa, "kijana wetu ni mtulivu, haangalii huku na huku."

Yaliyofuata yalikwenda haraka, na mimi pia nitakwenda haraka. Vijana wawili na mpini wa jembe. Mjomba anasema huyu ni dereva wetu tu, hatumjui sana. Mchumba wangu katoa kichwa dirishani, kaniona, kakirudisha. Baba mkwe kanyamaza kwa namna ambayo bado naisikia. Nikaulizwa nilikuwa nafanya nini, nikajibu "makro", na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba hilo ni jibu. Mtu akasema ifutwe hiyo picha. Bibi akasema haifutwi kitu mpaka yeye aione kwanza.

Nikamwonyesha. Ndugu zangu, sisemi kwa kujisifu, ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Kope moja moja, mishipa myembamba kama nyuzi, lile duara la buluu walilonalo wazee, na katikati, kwenye mboni, umekaa mwakisiko mkali kabisa: mfuniko mweupe wa ndoo ya rangi, kofia, na jicho moja lililofumbwa kwa nguvu. Bibi akaivuta kamera karibu. Akaitazama muda mrefu.

"Huyu mjinga aliye ndani ya jicho langu," akauliza, "ni nani?"

Na mshenga, ambaye kazi yake yote siku ile ilikuwa kunisemea mazuri, akajibu, "Ndiye muoaji, bibi."

Mahari ilipita. Ilipita na nyongeza: mtungi mpya, doti mbili za khanga, na kifungu ambacho wazee walikibuni palepale kwa jina la kifungua jicho, elfu hamsini taslimu, ambazo nilizitoa mimi dereva mfukoni mwangu. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, na sisi tuliondoka leo hiyohiyo kabla ya chai. Kurudi nilikaa kiti cha nyuma. Mjomba aliendesha bila leseni na hakufungua mdomo mpaka Chalinze, alipofungua akaagiza mishikaki ya watu wanne. Tulikuwa watano.

Lenzi ni nzima, chuma kile hakifi. Picha za vunjajungu nilizipitia usiku nyumbani. Arobaini na moja. Katika zote hizo hakuna hata moja yenye macho makali zaidi ya matatu.

Jana mchumba kapiga simu, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Hakunisalimia. Kasema bibi ameisafishisha picha, kaiweka sebuleni kwenye fremu, na wageni wanaambiwa hiyo ni kazi ya mkwe. Lakini hajaridhika, kwa sababu lile nililopiga ni la kulia, na la kulia ndilo alilotolewa mtoto wa jicho. Anauliza lini nakuja kupiga la kushoto. Nipitie mlango wa mbele.

Kwa hiyo mnaonitumia zile alama za jicho tangu asubuhi, nimeziona, inatosha. Na mshenga, sauti usiifute, imeshafika Oman, tumeshachelewa. Ila pale unaposema bafuni, rekodi upya. Sema pa kutawadhia.