Hasira, hofu na mazishi: kinachomtoa mtu kwenye dini na kinachomrudisha

Mei 2021 chama cha wakanamungu cha Kenya kilitoa taarifa fupi: katibu wake amejiuzulu kwa sababu amempata Yesu Kristo, na hana tena hamu ya kuueneza ukanamungu nchini. Hiki ni chama kilichopata usajili mapema 2016, kikasimamishwa miezi michache baadaye kwa hoja ya kulinda amani, kisha kikarudishwa. Taarifa ya aina hii husomwa kwa namna mbili. Mlokole husema: alikuwa na hasira tu na Mungu, sasa hasira imeisha. Mkanamungu husema: maisha yamembana, na aliyebanwa hushika chochote. Kila mmoja anakimbilia moyo wa mtu, na hoja yake inabaki pale pale bila kuguswa.

Kiswahili kinatumia neno moja, sababu, kwa mambo mawili ambayo hapa lazima yatenganishwe. Kuna sababu kwa maana ya hoja, yaani kinachoonyesha kwamba jambo ni kweli. Kuna pia sababu kwa maana ya msukumo, yaani kilichomfikisha mtu hapo alipo. Mpalilaji aliyechoka anaweza kutangaza kwamba mvua inakuja kwa kuwa anataka kurudi nyumbani. Uvivu wake hauondoi mawingu, wala hauyaleti. Aliyemwamini Mungu kwa kuogopa kaburi hajatuthibitishia kwamba Mungu hayupo, na aliyemkana baada ya kufiwa na mtoto hajatuthibitishia kwamba yupo. Msukumo una kazi nyingine: unatuambia ushuhuda wa mtu ubebe uzito kiasi gani, na tumjibu vipi. Aliyeumizwa na kiongozi wa dini hatibiwi kwa dalili za kuwepo kwa Muumba.

Tuanze na shutuma za waumini, maana kwetu ndizo zinazosikika zaidi.

Ya kwanza ni tamaa. Mkanamungu, inasemwa, anataka kunywa na kuzini bila kuulizwa. Shutuma hii ina mashahidi wazito. Aldous Huxley, mwandishi Mwingereza, alikiri mwaka 1937 kwamba yeye na wengi wa rika lake walitaka ulimwengu usiwe na maana kwa sababu hilo liliwapa uhuru, ukiwemo wa kimapenzi. Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 1997 kwamba hakomei kwenye kutoamini: anatumaini Mungu hayupo, hataki ulimwengu uwe hivyo. Watetezi wa dini huyanukuu maneno haya mara kwa mara, na huacha nusu ya pili. Huxley alikuwa anajisuta kwa mawazo aliyokwisha kuyaacha. Nagel naye alikuwa anawaonya wasomi wenzake kwamba woga wao wa dini unawafanya wakubali maelezo dhaifu ya kisayansi. Mtu anayekiri msukumo wake hadharani ameshaanza kuudhibiti.

Kwa mazingira yetu shutuma ya tamaa ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Asiyetaka kuacha pombe hahitaji kumkana Mungu. Baa za Sinza, Dar es Salaam, Jumamosi usiku zimejaa waliobatizwa, na baadhi yao watakuwa kwenye misa ya kwanza. Wakristo wana toba na kitubio, Waislamu wana tawba. Mlango wa mkosaji uko wazi daima. Kutenda dhambi ukiwa ndani ni nafuu sana kuliko kutoka nje.

Ya pili ni hasira, na hii inastahili heshima zaidi. Lakini hasira kwa Mungu ni jambo la waumini pia, tena wengi. Mwanasaikolojia Julie Exline na wenzake walichapisha mwaka 2011 mfululizo wa tafiti kuhusu hasira hiyo, wakiwemo waliofiwa na wagonjwa wa saratani, na wakaikuta hata kwa watu wanaoendelea kusali. Zaburi ya 88 ni malalamiko kutoka mwanzo hadi mwisho, na inaishia gizani. Anayemlaumu mtu bado anamhesabu kuwa yupo. Mara nyingi uchungu huanzisha swali bila kuleta jibu. Mfano unaopendwa ni Charles Darwin, aliyempoteza binti yake Annie wa miaka 10 mwaka 1851. Ni kweli kifo kile kilimwumiza, ila yeye mwenyewe alieleza kwamba imani ilimtoka polepole sana, na alitaja ushahidi hafifu wa miujiza pamoja na chuki yake kwa fundisho la adhabu ya milele. Kuyafupisha hayo yote kuwa "alifiwa" ni kumnyima mtu akili zake.

Ya tatu, kwamba wakanamungu ni watoto waliokosa baba, ilienezwa na mwanasaikolojia wa Marekani Paul Vitz mwaka 1999 kwa kuorodhesha watu mashuhuri kama wanafalsafa Nietzsche na Russell, ambao baba zao walifariki wangali wadogo. Njia hiyo ina kasoro inayoonekana kwa macho: inachagua mifano baada ya kujua jibu. Ukanda wetu ulipata mayatima wengi mno wa UKIMWI, na hawakuwa kizazi cha wakanamungu.

Upande wa pili nao una shutuma zake, na ya kwanza ni hofu ya kifo. Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyechunguza nafsi ya mtu, mwaka 1927 aliiita dini udanganyifu unaotokana na matamanio: mtu mzima anamtafuta baba wa kumkinga. Maelezo haya yanaifaa pepo. Hayaifai jehanamu. Dini ingekuwa shuka la kujifunikia tu, nani angeongeza ndani yake adhabu ya kaburi, Munkari na Nakiri (malaika wanaomhoji maiti kaburini), au ziwa la moto? Na dini za jadi za maeneo mengi ya Afrika Mashariki hazikuwa na malipo ya peponi kabisa. Mzimu aliyesahauliwa alileta ugonjwa na ukame. Hapo hofu haipunguzwi, inaongezwa.

Hofu ya mashaka ya dunia, hata hivyo, ina ushahidi mzuri, na hapa wakanamungu wapewe alama zao. Wataalamu wa siasa Pippa Norris na Ronald Inglehart walionyesha mwaka 2004, kwa kulinganisha nchi nyingi, kwamba dini hustawi pale maisha yalipo na mashaka na hufifia pale yanapotulia. Kipimo kizuri zaidi kilikuja bila kupangwa. Tarehe 22 Februari 2011 tetemeko liliupiga mji wa Christchurch, New Zealand, na kuua watu 185. Watafiti walikuwa tayari wanafuatilia watu wale wale tangu kabla ya tetemeko, wakaweza kulinganisha. Sehemu nyingine za nchi dini iliendelea kupungua; miongoni mwa walioguswa na tetemeko iliongezeka.

Basi shida inasukuma. Lakini hoja hii inakata pande zote mbili, jambo ambalo wanaoitumia hawalitaji. Kama ukame na hospitali isiyo na dawa vinamfanya mtu aamini, basi pensheni, bima ya afya na maji ya bomba vinamfanya mwingine asiamini, na huyu hakufikiri zaidi ya yule. Mdenishi asiyejali dini hakuishinda hofu, hakukutana nayo. Na msukumo wa shida hausemi chochote kuhusu kilichopatikana. Njaa ndiyo inayompeleka mtu jikoni, na jikoni mara nyingine kuna chakula.

Lipo dai la tatu, lenye kiburi kidogo: kwamba wakanamungu ni watu wanaofikiri zaidi. Mwaka 2012 jaribio moja lilidai kwamba hata kutazama picha ya sanamu maarufu ya mchongaji Rodin, mtu aliyeinama akiwaza, kunapunguza imani. Watafiti wengine walilirudia kwa watu wengi zaidi wakachapisha mwaka 2017: hakuna kitu. Mmoja wa waandishi wa jaribio la kwanza, Will Gervais, alikubali kwamba lilikuwa dhaifu, kisha mwaka 2021 yeye na wenzake wakachapisha uchunguzi wa Wamarekani 1,417. Kufikiri kwa uchambuzi kulikuwa na mchango mdogo. Kilichobashiri ukanamungu kuliko vyote ni kulelewa bila kuona watu wakiilipia imani yao gharama.

Hapa ndipo penye nyama. Gharama maana yake ni tendo ambalo asiyeamini asingelifanya: kufunga siku za joto kali, kutoa fungu la kumi mwezi ambao karo haijalipwa, kumsamehe aliyekudhulumu shamba, kukesha na mgonjwa asiye ndugu. Mtoto anasikia mafundisho mengi kutoka pande nyingi, na njia yake ya kuchuja ni kutazama nani anaumia kwa ajili ya anachokisema. Mzazi anayempeleka mtoto madrasa au mafundisho ya kipaimara huku yeye mwenyewe haswali wala hasali amemfundisha kwamba dini ni kitu cha watoto. Mhubiri anayehimiza sadaka ya kujinyima huku gari lake likibadilika kila mwaka anatoa fundisho hilo hilo kwa mamia. Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafalsafa Mfaransa aliyefariki 1662, alilijua hili kutoka upande wa pili. Kwa anayetaka kuamini akashindwa, ushauri wake ulikuwa afanye kama waumini wanavyofanya, achovye maji ya baraka, aombe misa zisomwe, na moyo utafuata. Ni ushauri unaofanya kazi, na ndiyo maana unatia shaka.

Maana gharama inathibitisha kwamba mtu haigizi. Haithibitishi kwamba anachokiamini ni kweli. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao wengi wao walifunga hadi kufa wakitarajia kumwona Yesu. Hakuna gharama kubwa kuliko hiyo. Baadhi ya wanaotaja Shakahola kama sababu ya kuacha dini wana haki ya kuwauliza viongozi walikuwa wapi. Wanakosea wanapoifanya hoja dhidi ya kuwepo kwa Mungu, kama vile mwumini anavyokosea kuhesabu idadi ya mashahidi waliokufa kwa ajili ya imani kuwa dalili ya ukweli.

Sasa tuitazame gharama kwa upande wa anayetoka, kwa sababu kwetu ndiyo inayoamua nani anasema na nani ananyamaza. Kwa Mkatoliki wa Tanzania njia ya huduma hupita kwenye jumuiya ndogo ndogo. Asiyehudhuria na asiyetoa michango, siku ya ubatizo wa mtoto au ya msiba, padri mara nyingi huuliza kwanza viongozi wa jumuiya. Kwa Mwislamu uzito ni mkubwa zaidi: anayeritadi, yaani anayeuacha Uislamu, kwa fiqhi (sheria ya Kiislamu) haswaliwi wala hazikwi makaburi ya Waislamu, ndoa yake inavunjika, na hamrithi baba yake Mwislamu. Kenya, kwa ibara ya 170 ya Katiba, Mahakama ya Kadhi husikiliza ndoa na mirathi pale tu ambapo pande zote zinakiri Uislamu na kukubali mamlaka yake. Anayesema "mimi si Mwislamu tena" amebadilisha pia mahakama yake.

Serikali imeacha milango: kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 mtu anaweza kufunga ndoa bomani baada ya tangazo la siku 21, bila shehe wala mchungaji. Lakini serikali haioshi maiti. Haileti maturubai, haipiki pilau ya hitima, haikai matanga. Mtu anaweza kuwa na hoja zote za dunia akashindwa na swali moja la mama yake: nani atakuzika?

Ndiyo maana takwimu hapa zisomwe kwa jicho la tahadhari. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini, kama asilimia 1.6. Tanzania haijauliza dini kwenye sensa tangu 1967. Katika kundi la "wasio na dini" wamo wasiojali tu, na katika makundi ya waumini wamo wanaosali kwa ajili ya kaburi lao. Mwanatheolojia wa Kenya John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba Waafrika ni watu wa dini kupita kiasi, na mshairi wa Uganda Okot p'Bitek akamjibu muda si mrefu baadaye kwamba wasomi wa aina yake wanaivisha miungu ya Waafrika kanzu za Kigiriki, yaani wanaieleza kwa mawazo ya Kizungu. Ubishi huo haujaisha.

Anayetaka kupima ushuhuda wa mtu, wa kuingia au wa kutoka, aanze kwa kuangalia umbo lake. Ushuhuda wa kuokoka una mtiririko wake unaofunzwa kwa kusikiliza: nilikuwa mlevi, nikaanguka, akaniinua. Wa kutoka nao una wake: niliuliza, nikakemewa, nikasoma, nikawa huru. Kumbukumbu hujipanga kufuata umbo hilo, hivyo tarehe zina faida kuliko hisia. Je, shaka ilianza kabla ya msiba au baada? Kisha geuza hali: mtu huyu akipona, akipata kazi, au askofu akimwomba radhi, atabaki alipo? Akibaki, pana hoja hapo, na hoja ijadiliwe. Halafu tazama alichopoteza. Mkanamungu anayepata wafuasi na pesa kwa ukanamungu wake apimwe kwa mizani ile ile ya mhubiri wa televisheni.

Na asitarajie moyo ulionyooka. Nchini Finland mwaka 2014 watafiti waliwaomba waumini na wakanamungu wasome kwa sauti maneno ya kumthubutisha Mungu awadhuru wazazi wao, huku wakipima jasho la ngozi. Ngozi za wakanamungu zilishtuka sawa na za waumini. Waumini wasishangilie mapema: mtu asiyeamini uchawi naye atasita kuitoboa kwa sindano picha ya mwanawe.

Chama cha Kenya, kwa upande wake, hakikubishana na katibu. Taarifa ilimshukuru kwa utumishi wake, ikamtakia heri, na ikawakaribisha wakanamungu wenye nia ya kuijaza nafasi hiyo wawasiliane na mwenyekiti.