Ripoti ikisema seli za saratani "hazijaonekana", uliza wamehesabu seli ngapi

Kuna wanaoona flo saitometri, mashine inayohesabu seli kwa leza, ikishafika maabara basi hadubini ipelekwe stoo, na kuna wanaosema ni mashine ya gharama tu. Mi naona wote wana hoja, ila kuna kitu wanakiruka.

Chukua mieloma, saratani ya seli za plazma, zile zinazotengeneza kingamwili. Mgonjwa akishatibiwa, zinazobaki kwenye uboho zinaweza kuwa 1 kati ya laki moja, na kwa hadubini hapo huna la kusema maana unahesabu seli kama 500 tu kwenye kioo. Flo inazipitisha moja moja mbele ya leza zikiwa zimeshikwa na kingamwili zenye rangi, alama za juu ya seli ziitwazo CD138 na CD38 zinakuonyesha plazma ni zipi, halafu unaangalia alama nyingine, CD19 na CD56: plazma za kawaida nyingi zina CD19 na hazina CD56, za mieloma mara nyingi ni kinyume. Ongeza kappa na lambda, aina mbili za kipande cha kingamwili ambazo kila seli ya plazma hubeba moja, kundi zima likibeba aina moja tu ujue hao ni ukoo mmoja, wametoka kwenye seli moja. Na majibu yanatoka ndani ya masaa, hilo halina ubishi.

Shida inaanzia kwenye sindano. Mvuto wa kwanza wa sindano pale nyonga ndio wenye uboho wenyewe, unaofuata umeshachanganyika na damu, na mara nyingi ule wa kwanza unaenda kwenye vioo vya hadubini halafu flo inaachiwa wa pili! Sampuli ikichelewa CD138 inafifia, na mgonjwa aliyepewa daratumumab, dawa ya mieloma inayoshika CD38, basi CD38 yake inakuwa imefunikwa na dawa. Ndio maana asilimia ya flo huwa chini ya ile ya hadubini, kwahiyo kwenye kugundua ugonjwa, pale kwenye mpaka wa asilimia 10 ya seli za plazma kwenye uboho, mi nasema hadubini na kipande cha mfupa vibaki.

Kwa mabaki, yaani seli za saratani zinazobaki baada ya matibabu, naenda na flo, lakini kwa hesabu. Ukitaka angalau seli 20 kwenye kiwango cha 1 kwa laki lazima upitishe milioni 2, ukipitisha laki mbili unategemea seli 2, na hizo hata uchafu wa mashine unaweza kuzitengeneza. Aprili 2024 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilipiga kura 12 kwa 0 kukubali kipimo cha mabaki kitumike kupima dawa mpya za mieloma, sasa fikiria namba hiyo itoke kwenye mvuto wa tatu. Ripoti iandike seli zilizohesabiwa na sampuli ni ya mvuto wa ngapi, daktari asilazimike kupiga simu maabara kuuliza.