Kabla ya Kununua Seva Kubwa, Itazame Leja

Wahasibu wa Nairobi wanaijua kalenda ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa moyo: tarehe 9 kodi ya mishahara, tarehe 20 VAT. Katikati ya siku hizo mkurugenzi anataka mizania ya matawi yote, na ripoti ya Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti, inazunguka tu kwenye skrini. Pendekezo la kwanza mkutanini huwa ni kununua seva kubwa zaidi. Napinga. Mara nyingi uzito wa ripoti ya fedha unatokana na jinsi data ilivyopangwa, na seva mpya itabebeshwa mzigo uleule.

Anza kwa kupima. Performance Analyzer, iliyomo ndani ya Power BI Desktop, huonyesha kila chati imetumia milisekunde ngapi kwenye hesabu za DAX (lugha ya fomula za Power BI) na ngapi kwenye uchoraji. Muda ukirundikana kwenye mstari wa "Other", kwa kawaida chati hiyo ilikuwa foleni ikisubiri nyingine. Kila kadi, yaani kisanduku cha namba moja, hutuma ombi lake, hivyo kadi 15 ni maombi 15. Zigeuze ziwe jedwali moja.

Kisha leja yenyewe. Power BI huhifadhi data kwa safuwima, na hubana vizuri safuwima yenye thamani chache zinazojirudia. Hapa kwetu mharibifu mkubwa ni namba ya muamala wa M-Pesa: herufi na tarakimu 10, kila muamala na yake. Kwenye leja ya mistari milioni 20, safuwima hiyo peke yake inaweza kula kumbukumbu kuliko kiasi, akaunti na tawi kwa pamoja, na taarifa ya faida na hasara haiihitaji hata kidogo. Iondoe, anayelinganisha malipo ataikuta kwenye mfumo wa uhasibu. Saa ya muamala nayo itenganishe na tarehe. Miaka 5 ni siku kama 1,826, na siku ina sekunde 86,400. Zikikaa safuwima mbili zinabanika, zikiunganishwa thamani tofauti hufika mamilioni. Zima pia "Auto date/time", kwani huunda jedwali la kalenda lililofichika kwa kila safuwima ya tarehe.

Lakini inayoumiza kuliko zote ni mizania. Mapato ya Machi yanahitaji maingizo ya Machi tu, ilhali salio la benki la Machi linahitaji kila ingizo tangu vitabu vilipofunguliwa. Ripoti ya miezi 12 huirudia kazi hiyo kwa kila mwezi, kila akaunti. Dawa yake ni jedwali la salio la mwisho wa mwezi, litengenezwe kwenye hifadhidata kabla data haijafika Power BI. Akaunti 400, matawi 12, miezi 60: mistari 288,000 badala ya milioni 20. Angalizo moja: akaunti ambayo haikuguswa mwezi huo lazima nayo ipate mstari wake, la sivyo salio lake litatoweka kwenye ripoti na mizania haitalingana.

Mistari ya taarifa isijengwe kwa SWITCH ndefu, fomula ya "ikiwa hivi, toa vile", yenye masharti 40. Weka jedwali dogo linalofunga kila akaunti kwenye mstari wake wa ripoti, pamoja na alama ya 1 au -1 ya kugeuza mapato na gharama. Jumla itajikokotoa kwa uhusiano wa majedwali.

Wanaochagua DirectQuery, ambapo ripoti huiuliza hifadhidata moja kwa moja kila inapofunguliwa, ili waone takwimu za sasa hivi wanajitesa bure, maana vitabu hufungwa kwa mwezi. Leseni ya Pro inaruhusu kuingiza data upya mara 8 kwa siku, na hiyo inatosha. Tumia uingizaji wa nyongeza: hifadhi miaka 5, ingiza upya miezi 2 ya mwisho. Hakikisha kichujio cha RangeStart na RangeEnd, yaani mwanzo na mwisho wa kipindi kinachoingizwa, kinatekelezwa na hifadhidata yenyewe; vinginevyo leja nzima huvutwa kwanza ndipo ichujwe. Na uwaulize wahasibu kuhusu marekebisho ya wakaguzi. Ingizo la Juni likiwekwa Septemba, dirisha la miezi 2 halitaliona. Panua dirisha lifike hadi mwezi wa mwisho uliofungwa kabisa, usiopokea maingizo tena, kwenye mfumo wa uhasibu, na ukokotoe upya jedwali la salio kuanzia mwezi uliorekebishwa kwenda mbele.