Yai la buabua na jodari aliye chini

Kusi ikianza kuvuma, buabua wenye mgongo mweusi hurudi kwa malaki kutaga kwenye visiwa vidogo vya Shelisheli, kama Desnoeufs. Hapo hurudi pia hoja ya zamani: watu waokote mayai, au wakatazwe?

Waokotaji wana hoja nzito. Mayai haya ni kitoweo chao tangu enzi za mababu, na buabua aliyepoteza yai mapema aghalabu hutaga jingine. Sehemu ya kisiwa ikiachwa bila kuguswa, wanasema, ndege hawataisha. Wapinzani hujibu kuwa ndege huyu hutaga yai moja tu, na kinda hukaa baharini miaka kadhaa kabla ya kuja kuzaa. Ndege wazima huishi miaka mingi na wataendelea kurudi, kwa hiyo hasara ya leo itaonekana tumeshachelewa. Hoja hii ya pili ndiyo inayonitia hofu.

Lakini pande zote mbili zinatazama mchanga, na mimi natazama maji. Manyoya ya buabua huyu hulowa upesi, kwa hiyo hakai juu ya maji kama shakwe, wala hapigi mbizi. Hula akiwa hewani, akidonoa visamaki na ngisi waliofika juu kabisa. Wanaowafikisha huko mara nyingi ni jodari, wanaowinda kutokea chini. Wavuvi wa pwani yetu wanalijua hilo: ndege wakijaa mahali, chombo hugeuzwa kuelekea huko. Meli kubwa za nyavu za kuzingira nazo huwatafuta ndege haohao, ila kwa rada.

Jodari wakipungua, buabua anakosa wa kumletea chakula. Mwaka 2015 Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao palepale Shelisheli, ilimtangaza jodari wa mapezi ya njano kuwa amevuliwa kupita kiasi. Tathmini ya 2024 imeleta nafuu, nami nimeifurahia, ingawa bado ni mapema kulegeza kamba.

Ningeruhusu mayai kwa kiasi, sehemu kubwa ya kisiwa ikifungwa kabisa. Mwokotaji na kikapu chake ni rahisi kumkamata, na ndiyo maana sheria humwanzia yeye. Buabua, akimaliza kulea, huruka hadi Ghuba ya Bengal, nje kabisa ya bahari ya Shelisheli, na huko mgawo wa mayai haumlindi.